Kitufe cha Mnadi

Jumapili, 3 Machi

Mvua zimeanza. Kazini wametugawia shajara zilizododa, maana mwezi wa tatu hakuna mteja wa shajara, na mimi nimeangukia hii ya kijani. Tuone nitaifikisha wapi.

Nianze na nyumba. Baba alikuwa mnadi. Alisimama juu ya kreti akinadi makabati, majokofu na vitanda vya watu waliohama, na akishika kasi ungedhani ana ndimi tatu. Kisha kiharusi kikamwacha na akili yake yote, macho, na kidole gumba cha mkono wa kulia. Sasa anaongea kwa kitufe. Ni kitufe chekundu kilichofungwa kwenye mkono wa kiti chake, waya wake unaingia kwenye kisanduku cha kijivu, na kisanduku kinaingia kwenye kompyuta. Herufi zinawaka kwenye kioo mstari kwa mstari. Mstari wake ukifika anabonyeza, herufi yake ikifika anabonyeza tena. Akimaliza, kompyuta inasoma kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Kuomba maji tu, birika linaweza kuchemka.

Kwa hiyo humu ndani tuna sheria. Baba akianza kubonyeza, kila mtu ananyamaza, hata mgeni. Na hakuna kummalizia neno. Ukimmalizia, anafuta yote na kuanza upya, hata kama ulipatia, na hapo mtakesha. Ana neno moja tu analolitoa kwa mbonyezo mmoja mrefu: "Imeuzwa!" Hilo analitumia kufunga ugomvi. Mimi na Kaka tukibishana, Baba anasikiliza weee, kisha kompyuta inapiga kelele "Imeuzwa!" na mjadala umekwisha.

Mchana anakaa na mhudumu wake, mama wa makamo ambaye Baba mwenyewe alimbatiza Bi Taratibu, kwa sababu hilo ndilo neno lake: akimgeuza ni taratibu, akimlisha ni taratibu. Mimi nachapa na kutoa nakala kwenye duka la steshenari, basi nyumbani ndiye mtaalamu. Simu ya nani imekwama? Niiteni.

Leo Kaka amepiga simu akijisifu kwamba ameweka toleo jipya kwenye kompyuta yake, inakimbia kama nini, halafu akaniuliza ya Baba bado ni ile ya enzi za mababu? Amenichoma. Na kweli tangazo la toleo jipya linatokea kila siku kwenye kona ya kioo na kufunika herufi za Baba. Nitalishughulikia.

Jumanne, 5 Machi

Nimeharibu.

Niliamka mapema nimalize kabla ya kazi. Bi Taratibu alikuwa jikoni anakoroga uji, Baba yuko kitini pake mbele ya kioo. Tangazo likatokea, nikashika kipanya. Baba akaanza kubonyeza. Akapata U. Akapata S. Akapata I. Mimi nina haraka, nikamwambia, "Usiogope? Siogopi, Baba, kazi ya dakika chache." Nikabonyeza Kubali.

Sheria ya nyumba nzima, na mimi nimeivunja nikiwa nacheka.

Kompyuta ikazunguka asubuhi yote. Ilipowaka ilikuwa nzuri ajabu, rangi mpya, picha ya mlima. Baba akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena. Kwenye kona kukaandikwa: Kifaa hakitambuliki. Nikachomoa, nikachomeka. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha tundu. Kisanduku, ambacho taa yake ilikuwa ya kijani tangu siku kilipoletwa, sasa hakina taa kabisa.

Bi Taratibu akaja na uji akauliza kuna nini. Nikamwambia kompyuta inajirekebisha, itakaa sawa. Nikaenda kazini nimechelewa, na siku nzima nimechapa makosa matupu.

Jumatano, 6 Machi

Nimeelewa tatizo, na kuelewa hakujanisaidia kitu. Kila kifaa kinahitaji draiva, yaani programu ndogo inayokifanya kielewane na kompyuta. Draiva ya kisanduku cha Baba iliandikwa kwa toleo la zamani. Toleo jipya limeikataa. Nimeingia kwenye tovuti ya waliokitengeneza: kampuni imeuzwa, kisanduku hakitengenezwi tena, na wateja wanashauriwa "kufikiria njia mbadala." Nimepakua draiva tatu za watu baki, mbili hazikufunguka na ya tatu ilibadilisha lugha ya kompyuta nzima. Kisha ikaniambia diski imejaa. Nikafuta kilichofutika, faili za toleo la zamani na takataka nyingine, nikaanza upya. Wapi.

Kitufe ni kizima. Kisanduku ni kizima. Kompyuta ni nzima. Ni mimi tu.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Baba ananitazama.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui nitaandikaje ya leo, lakini nisipoandika nitaanza kuyapamba.

Kaka na wifi walikuja mchana. Kaka ana duka la vigae, akiingia nyumba ya mtu anatazama sakafu kwanza ndipo anasalimia. Leo alimsalimia Baba, akangoja jibu kama kawaida yetu, midomo imefungwa. Jibu halikuja. Nikamwambia kitufe kimegoma tangu Jumanne. Akainama, akakitazama kwa karibu, akaona alama ya kahawia pembeni.

"Hii si chai?"

Bi Taratibu alijibu mwenyewe, bila kujificha. Ndiyo, chai ilimwagika kidogo wiki iliyopita, akaifuta palepale, na kitufe kiliendelea kufanya kazi siku zote zilizofuata. Ni kweli. Nilikuwepo, nilimsikia Baba akimtania kwa kitufe hichohicho kwamba chai ni ya kunywewa. Kaka akanigeukia mimi, mtaalamu, akaniuliza: chai inaweza kuua kitu kama hiki polepole?

Nikasema, "Labda."

Ndivyo ilivyoanza, na sikusukumwa na mtu. Bi Taratibu akasema kwamba Jumanne asubuhi aliniona nikiifanyia kompyuta kitu. Kaka akauliza ni kitu gani. Nikasema, "Usafi wa kawaida tu." Uso wangu ulikuwa wa moto, lakini sauti ilitoka laini, nilijishangaa.

Kaka si mtu mbaya. Alimgeukia Baba, akamuuliza kama ni Bi Taratibu aliyeharibu. Baba bila kitufe anajibu hivi: akifumba macho ni ndiyo, akiyainua darini ni hapana. Aliyainua darini. Akayaacha hukohuko muda mrefu, kila mtu aliona. Na mimi, ambaye nimemtafsiria Baba kwa madaktari na kwa wageni tangu alipougua, nikasema, "Anamtetea. Amemzoea."

Kaka akamwambia Bi Taratibu kwamba hawezi kumwacha baba yake na mtu anayeficha makosa. Wifi alikuwa anatazama kucha zake. Baba akatoa sauti, si neno, ni mngurumo wa kooni ambao sijausikia tangu hospitali, na Bi Taratibu akaenda akamfuta kidevu. "Taratibu, Mzee," akamwambia. Akachukua mwavuli wake na ndara zake za ndani. Mlangoni hakunitazama. Ningefurahi angenitukana.

Jumapili, 10 Machi

Sina la kusema.

Jumanne, 12 Machi

Tumegawana zamu: asubuhi mimi, mchana wifi, jioni mimi tena. Kazini wamekubali niwe naingia saa sita. Leo nimemgeuza Baba vibaya, nikambana mkono, na uji nimempa wa moto. Bi Taratibu aliyafanya haya yote huku anaimba.

Nimetoa ule ubao wa herufi tuliotumia zamani kabla ya kitufe. Unapitisha kidole kwenye herufi, yeye anafumba macho kwenye anayoitaka. Nimeupitisha mara nne. Hakufumba hata mara moja. Alikuwa anatazama juu ya ubao, yaani ananitazama mimi. Kwa Kaka nimesema Baba amechoka.

Ijumaa, 15 Machi

Nimempelekea fundi kompyuta. Kijana wa watu amecheka, akasema kila ukiona mtu analia ujue kuna toleo jipya. Halafu akasema ni rahisi, mifumo hii huhifadhi toleo la zamani kwa muda, unarudi nyuma kwa kubonyeza tu. Moyo ukanilipuka kwa furaha. Akafungua, akatafuta, akaniuliza, "Dada, faili za zamani nani amezifuta?"

Nikamwambia sijui. Hata fundi nimemdanganya, mtu ambaye sina haja naye.

Nikiwa nimesimama pale mvua inapiga bati, nikatambua nimeanza kuwa hodari. Mara ya kwanza uongo ulinipa joto usoni. Leo sikuhisi kitu.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Bosi ameniomba nisasishe kompyuta ya dukani. Nimemjibu vibaya mbele ya wateja, akabaki mdomo wazi.

Jumapili, 24 Machi

Kaka amekuja na kitufe kipya cha aina ileile, ametafuta mji mzima hadi akakipata. Alikifunga mwenyewe akiwa amepiga magoti, jasho linamtoka. Akamwambia Baba bonyeza. Baba hakubonyeza. Akakishika kidole cha Baba akabonyeza nacho, kimya.

Ilikuwa rahisi kusema pale. Kaka yuko sakafuni, ana sura ya mtoto aliyenyimwa, ningesema tu: Kaka, tatizo si kitufe. Badala yake nilimsikiliza akisema basi chai ilipenya hadi kwenye kisanduku. Nikasema, "Inawezekana."

Jumamosi, 30 Machi

Leo nimekuwa mtu mwingine, na mtu huyo simpendi.

Nilikuwa natafuta blanketi kabatini. Chini kabisa nikakuta ile kompyuta ya kwanza ya Baba, nzito, ya kioo chenye ufa, ambayo tuliiweka pembeni Kaka aliponunua hii ya sasa. Haijaguswa. Haijaunganishwa na mtandao tangu hapo, kwa hiyo haijasasishwa na mtu yeyote. Hakuna aliyeikumbuka, kwa sababu kila mtu anaamini kisanduku kimekufa kwa chai, na kisanduku kilichokufa hata ukipewa kompyuta kumi ni bure. Ni mimi peke yangu ninayejua kisanduku ni kizima.

Baba alikuwa amesinzia. Nikaiwasha, ikachukua muda kama mzee anayetafuta miwani. Nikachomeka kisanduku. Taa ya kijani ikawaka. Herufi zikaanza kupita mstari kwa mstari, kama vile hakukutokea kitu.

Nikakaa nazitazama. Nilijua sentensi ya kwanza ya Baba itakuwa nini. Nilimwona Kaka akiisikia, na wifi, na ile sauti yenye mafua ikilitaja jina langu.

Nikachomoa. Nikairudisha kabatini, nikaifunika na blanketi lilelile nililokuwa nalitafuta. Nilipogeuka, Baba macho yalikuwa wazi. Sijui yalifunguka lini.

Jumapili, 31 Machi

Nimemvalisha Baba shati safi. Nimemwambia kesho nitajaribu tena. Amefumba macho, na sijui kama amesema ndiyo au hataki tu kuniona.

Ijumaa, 5 Aprili

Kesho ipi. Kila siku nasema kesho.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimegundua nyumba imebadilika. Hatunyamazi tena. Zamani tukila kulikuwa na vipindi vya kimya, tunamngoja Baba. Sasa tunaongea mfululizo, na sahani zinagongana. Leo wifi amesimama nyuma ya kiti cha Baba akaeleza kwenye simu jinsi anavyojisaidia na jinsi anavyokoroma, yeye yuko hapohapo anasikia. Sikumkataza. Nimkataze na nini?

Ijumaa, 12 Aprili

Daktari amekuja. Baba amepungua sana. Daktari ameuliza Baba ameacha kula tangu lini, nikasema tangu mwezi uliopita. Ameuliza anaongeaje siku hizi, nikasema haongei. Akaandika kidogo, akasema mwili wake hauna ugonjwa mpya. Akaniuliza kama kuna jambo lililotokea nyumbani. Nikasema hakuna, mvua tu.

Kaka amesema tukutane Jumapili ya tarehe ishirini na moja tuamue. Anataka Baba ahamishiwe kwenye nyumba ya kutunzia wazee ya nje ya mji, wauguzi wapo mchana na usiku. Amesema kwa upole, akaongeza kwamba Baba kwa sasa hawezi kutuambia anataka nini, kwa hiyo ni jukumu letu.

Jumatano, 17 Aprili

Bi Taratibu ameingia dukani kwetu.

Nadhani hakujua nitakuwa zamu, maana alisita mlangoni, maji yanamtiririka kwenye mwavuli. Wenzangu wote walikuwa na wateja. Nikamkaribisha, akakaa. Anataka kuchapiwa maombi ya kazi kwa familia moja yenye bibi mgonjwa. Nikaanza kuchapa anachosema: amefanya kazi hii tangu ujana, anajua kugeuza mgonjwa, kumlisha, kumwogesha. Sauti yake haikuwa na kisirani. Tukafika mahali pa kueleza kwa nini aliondoka kwa mwajiri wa mwisho. Vidole vyangu vikakaa juu ya herufi.

"Hapo tuandike nini?" akaniuliza.

Nikasema tunaweza kuandika sababu za kifamilia.

"Mimi sijui kompyuta," akasema. "Andika unavyojua wewe."

Alikuwa ananitazama vilevile anavyonitazama Baba. Mashine ya nakala inanguruma nyuma, mtu anaomba bahasha, na mimi nimekaa na mtu ambaye nimemnyang'anya kazi, namchapia maombi ya kazi. Nikaandika "sababu za kifamilia." Nikachapisha nakala mbili. Akazikunja akaziweka kwenye mfuko wa plastiki zisilowe.

Kabla hajatoka akauliza kama Mzee anakula. Nikasema kidogo. Akasema nimgeuze aelekee dirishani wakati wa kula, anapenda kuona wapita njia, ukimwelekeza ukutani hafungui mdomo. Siku zote hizi nimekuwa nikimwelekeza ukutani, kwenye kile kioo.

Nikaenda stoo, nikajifungia na maboksi ya karatasi, nikalia kwa aibu hadi bosi akagonga.

Ijumaa, 19 Aprili

Baba ameelekezwa dirishani. Amemaliza bakuli.

Jumapili, 21 Aprili

Walikuja saa nne. Kaka alikuwa na karatasi za ile nyumba ya wazee, na picha: vitanda vimepangwa, bustani, mzee mmoja anacheka na mtu asiyeonekana. Alianza kueleza. Nikasema ngoja. Nikaenda kabatini nikatoa kompyuta ya zamani, nikaiweka mbele ya Baba, nikachomeka kisanduku. Waya ukagoma kuingia mara mbili.

Taa ya kijani. Herufi.

Wifi akasema, "Kumbe kinafanya kazi?" Kaka akaniangalia. Nilikuwa nimeandaa maneno asubuhi nzima na yote yakayeyuka. Nikafikiri acha Baba aseme, ni haki yake, na mimi nitasimama hapa nipokee. Nikadhani huo ndio ujasiri.

Baba akabonyeza. Hakuna aliyekumbushwa sheria, wote tulinyamaza wenyewe, na karatasi za Kaka zikashuka mapajani. S. Nikaona mstari unapita tena. E. Mvua ilikuwa nyepesi, tunasikia kila mbonyezo. M. A. Nilijua anaanza kunisema. Kidole chake kimepoteza nguvu, alikosa herufi moja, akafuta, akangoja mzunguko mzima urudi. Kaka alikuwa anasogeza midomo kama mtoto anayejifunza kusoma. Mwisho ile sauti yenye mafua, ambayo sikuwa nimeisikia tangu mwanzo wa mvua, ikasema:

"Sema wewe."

Basi. Akageuza macho kwangu.

Hapo ndipo nilipoelewa ule ubao. Angeweza kufumba macho siku yoyote, kwa Kaka, kwa daktari, kwa wifi. Mara ile moja alisema hapana yake waziwazi na mimi nikaipindua mbele yake. Baada ya hapo alikuwa ananingoja.

Nikasema. Nikaanza na tangazo la kwenye kona na kiherehere changu, nikasema USI na jinsi nilivyommalizia Baba neno, na faili nilizofuta. Nikasema labda. Nikasema usafi wa kawaida. Nilipofika kwenye kabati na blanketi, wifi akatoka nje. Kaka hakutoka. Alisubiri hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Nilimuuliza Baba mwenyewe, akanijibu hapana. Nikakusikiliza wewe."

Alikuwa anajilaumu yeye pia, na hata hilo nimelisababisha mimi.

Nikamtazama Baba. Nilikuwa naomba kimoyomoyo, sioni haya kuandika, naomba ule mbonyezo mmoja mrefu. Imeuzwa, yaishe. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Hakubonyeza.

Kaka amechana karatasi za nyumba ya wazee kabla ya kuondoka. Hakuniaga.

Jumanne, 23 Aprili

Baba ameomba chumvi, redio, na nimkate kucha. Amemwambia wifi kwamba kukoroma kwake si habari ya simu. Wifi amefunika uso kwa aibu.

Nimemuuliza siku ile USI ilikuwa inaelekea wapi. Amebonyeza muda mrefu. "Nimesahau." Sijui kama ni kweli au amenihurumia.

Jumamosi, 27 Aprili

Nimekwenda kwa Bi Taratibu. Anaishi ghorofa ya pili na dada yake, ngazi zimejaa ndoo za watu. Hakunikaribisha ndani. Nimeyasema yote nikiwa nimesimama ukumbini, majirani wanapita na nguo zao za kuanika. Sikushusha sauti, niliona hata hilo lingekuwa kujificha.

Alisikiliza akiwa ameshika kitasa. Akasema alijua tangu siku ile, alimwona Mzee akitazama dari. Kisha akasema lile ambalo sikulijua: ile familia ya bibi mgonjwa ilimpigia Kaka kuulizia tabia yake, Kaka akawaeleza habari ya chai, wakamkataa.

"Mimi umeshaniambia," akasema. "Sasa kawaambie wao."

Jumatatu, 29 Aprili

Tumekwenda, mimi na Kaka, kwenye sebule ya watu tusiowajua. Mimi ndiye niliyeongea. Mwenye nyumba aliuliza mara mbili kama nimelipwa nije kusema haya. Walikuwa wameshapata mtu mwingine. Kwenye gari Kaka aliniuliza kama nimekula. Ni neno lake la kwanza kwangu tangu Jumapili ile.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua inakwenda ikirudi. Baba ananenepa.

Jumapili, 12 Mei

Bi Taratibu amekuja, si kwa kazi, amekuja kumwona Mzee. Alimletea machungwa. Baba alipomwona alianza kubonyeza kabla hajaketi, tukanyamaza, yeye pia akanyamaza na mwavuli mkononi. Ilichukua muda. "Leo chai uishike kwa mikono miwili." Bi Taratibu akacheka hadi akaketi sakafuni, akamshika Baba mguu, na machozi yakamtoka.

Kaka akamwomba radhi, kichwa chini. Akamwomba arudi. Bi Taratibu akasema atafikiria, ana mgonjwa mwingine asubuhi, pengine atakuja jioni, na sharti lake ni moja: mimi nisiiguse hiyo kompyuta akiwa jikoni. Wote walicheka. Nilicheka pia, na aibu ilikuwa palepale, haijasogea.

Alipokwenda nilimtazama Baba. Kidole juu ya kitufe. Hajasema imeuzwa. Nimeacha kuomba.

Jumatano, 22 Mei

Jua siku ya tatu mfululizo. Bi Taratibu ameanza jioni.

Kaka alikuwa ameunganisha kompyuta ya zamani na mtandao ili Baba asome habari. Leo nimerudi kutoka kazini, nimeketi kando ya Baba, na kwenye kona ya kioo tangazo likatokea, likafunika herufi: Toleo jipya liko tayari. Kubali. Baadaye. Bi Taratibu alikuwa mlangoni na bakuli, akasimama. Mkono wangu ulikwenda kwenye kipanya wenyewe, nilitaka tu kuliondoa.

Baba akaanza kubonyeza. U. Nikaondoa mkono. S. Mstari ukapita, ukarudi. I. Kidole chake kikapumzika, na najua maneno mengi yanayoanza hivyo, yalinijaa mdomoni.

Nikaweka mikono mapajani, nikangoja.